Usitupe Kibao cha Babu

Leeds, Uingereza
Jumapili usiku, Novemba

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai u mzima na lile jicho limeanza kuona sawasawa tangu utolewe mtoto wa jicho. Mimi sijambo, baridi ndiyo hiyo. Najua mdogo wangu ndiye anayekusomea, basi na yeye namsalimu papa hapa, na namuomba asiruke mistari. Nakujua wewe. Ukiona barua ndefu unasoma juu na chini, katikati unamalizia na "anawasalimu nyote".

Kilichonikalisha kitako niandike ni zile picha za Jumatano, za chumba cha uani kilivyobomolewa ukuta. Nimeona kitanda cha kamba, mtungi uliovunjika mdomo, cherehani bovu la Bibi, na chini ya vumbi lote hilo kibao chembamba, urefu wake kama mkono mpaka kiwiko, nyuma kina kizuizi cha kisigino na mbele kipande cha shaba kinachoteleza. Mdogo wangu, umeandika chini yake: "Dada, hii ni nini? Nitupe?"

Usitupe. Kipanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi kidogo, kiweke mahali pakavu, na usithubutu kukipiga msasa. Zile namba zilizofifia ndizo zenyewe. Hicho ndicho alichopimia Babu miguu ya watu wa Mombasa tangu 1947 mpaka alipostaafu 1986, na miguu yetu sisi wajukuu imepita pale yote. Wako ulipita siku ya arobaini yako, kwa masihara. Alikuweka juu ya kibao, akatazama, akasema, "Huyu ni sifuri na robo. Buti zake hatuna, arudi wiki ijayo."

Wewe umemkuta mzee wa barazani, tasbihi mkono huu na redio mkono huu. Mimi nimemkuta muuza viatu.

Duka lilikuwa Kilindini Road. Ndiyo Moi Avenue hiyo, lakini Babu hakulibadilisha jina lile mpaka anaingia kaburini, na ukimwambia Moi Avenue alijifanya hapajui. Mwenye duka alikuwa Muhindi, na Babu aliajiriwa kama "selsmeni". Cheo hicho alikipenda kuliko kile cha koplo alichotoka nacho jeshini. Hata miaka ya mwisho, tukimpeleka hospitali, akiulizwa kazi yake alikuwa akijibu "selsmeni" kwa sauti, na muuguzi akimtazama yule mzee wa miaka themanini na kitu asijue aandike nini. Uaskari hakuutaja hata mara moja. Mama, wewe wakumbuka ulivyokuwa ukiona haya.

Nilikuwa nikitoka shule napita dukani kumngoja. Basi nimemuona akiuza, na nasema bila kumpendelea kwamba sijaona tena mtu anayeuza vile. Hakumuuliza mtu anavaa namba ngapi. Alisema watu hawazijui namba zao, wanazijua namba wanazozitamani. Alivuta kigoda, akaketi chini kabisa mbele ya mteja, akashika kisigino kwa kiganja kama anavyoshikwa mtoto kichwa anapooshwa, akakiweka kwenye kibao. Kisha akamsimamisha. "Mguu uliokaa ni mmoja, mguu uliobeba mtu ni mwingine." Akapima tena, na huu wa pili ndio aliouamini. Kiatu kikishavaliwa alibonyeza mbele kwa dole gumba: "Chezesha vidole." Ukivichezesha akavisikia, alitikisa kichwa kukubali. Asipovisikia, kiatu kilirudi ndani ya boksi, hata ungelia.

Siku moja alikuja bibi arusi na mashangazi zake wanne. Viatu vyeupe, ncha kama kalamu. Mashangazi wote wanasema vimemkaa. Babu akashika kidole kidogo cha yule dada, juu ya ngozi, akasema, "Mwanangu, kiatu kinachokuuma dukani hakitakuhurumia njiani." Wakaondoka wamenuna, mauzo ya siku yakaenda nao. Muhindi akaanza kufoka kwa Kigujarati, na Babu akamjibu kwa kile Kihindustani chake alichookota jeshini, ambacho kumbe kilikuwa maneno ya kambini matupu. Muhindi wa watu alicheka mpaka akaketi juu ya maboksi. Nadhani ndiyo sababu hakumfukuza miaka yote ile. Hiyo, na kwamba mashangazi walirudi baada ya arusi, mmoja mmoja, kila mmoja na wanawe.

Kulikuwa na watu wetu waliomsema. Unamjua, Mama, yule mjomba wako wa Kibokoni ambaye hakukosa la kusema. Alimwambia Idi moja mbele ya sinia, "Umetoka vitani na mistari yako mkononi, umeishia kuchuchumaa mbele ya watu." Babu akameza tonge. Akasema, "Sikiza. Shikamoo asili yake nini? Nashika miguu yako. Basi mimi nimewashika miguu Mombasa nzima, Muhindi, Mwarabu, Mzungu, Mgiriama, na sijasikia mtu akanijibu marahaba." Sinia zima likapasuka kicheko, na yule mjomba akaomba maji.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sidhani hata wewe Mama ulilisikia kwa kinywa chake.

Mara mbili au tatu kwa mwaka alisafiri na mzigo. Alipanda basi kwenda Voi, Malindi, mara nyingine Lamu, na ule mkoba mkubwa wa ngozi, kuwaonyesha wenye maduka aina mpya. Mwaka 1985 nilikuwa na miaka tisa, umeme ulikatika, tumekaa na kandili, na mkoba uko wazi. Nikavitoa viatu nikavipanga mstari kwenye mkeka. Nikaona vyote ni vya kulia. Vyote! Kumi na nane, hakuna hata kimoja cha kushoto. Nikamuuliza, "Babu, wenziwe wako wapi?"

Alijibu kama alivyomjibu kila mtu: "Vya kuonyesha huwa kimoja kimoja. Mwizi wa mguu mmoja hajazaliwa." Nikacheka. Yeye akacheka kidogo, halafu akanyamaza, akawa anavitazama vile viatu kwenye mwanga wa kandili. Akaniambia virudishe. Nikavirudisha. Bibi alikuwa ameshalala. Akaniambia niketi.

Alisema alijiunga na Keya, ndilo jeshi la Waingereza la King's African Rifles, 1942, kijana wa Majengo, na buti ya kwanza maishani mwake alivalishwa jeshini, namba kubwa kuliko mguu wake. Walimpa kazi ya kubeba machela. Wakapelekwa Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, kisha Burma, Myanmar ya leo, mwaka 1944. Divisheni yao ya 11 ya Afrika Mashariki, walioshona kichwa cha kifaru begani, ilitumwa kuwafukuza Wajapani kwenye bonde la Kabaw wakati mvua za masika ya kule zimepamba moto. Wazungu wenyewe waliliita bonde la mauti. Mvua haikukatika. Barabara ilikuwa tope la magotini, magari yakazama, ikabidi magogo yalazwe chini ndipo gurudumu lizunguke. Kila siku walimeza vidonge vya manjano vya kuzuia malaria mpaka ngozi ikageuka manjano. Machela moja ilitaka watu wanne, wa kupokezana nje ya hao, na mwendo ambao hapa kwetu ni kutoka Majengo mpaka Mwembe Tayari ungewachukua nusu siku.

"Na miguu," alisema. Hapo ndipo alipokaa sana. Hakunisimulia bunduki. Alinisimulia miguu. Buti haivuliwi siku tano, sita, kwa kuwa ukiivua hutaivaa tena, mguu umeumuka kama andazi. Ukiivua, soksi yatoka na ngozi. Mtu hana jeraha la risasi popote, na hawezi kusimama.

Kwenye kituo cha majeruhi walikuwa wakivua buti kabla ya daktari kuanza kazi yake. Mtoto wa miaka tisa hakuniambia kazi gani, nimeielewa baadaye. Buti zilirundikwa nyuma ya hema. Asubuhi amri ikitolewa kwamba buti nzima zisipotee, zisafishwe zivaliwe na wengine. "Kutafuta pea ndiyo ilikuwa kazi yangu, mjukuu wangu. Nachukua ya kulia, natafuta ya kushoto. Nyengine hazikuwa na mwenziwe."

Akafunga mkoba. Akasema, "Lala."

Mama, baada ya usiku ule nikaelewa yale mambo ya Alhamisi. Unakumbuka? Kila Alhamisi baada ya Magharibi, karai la maji ya vuguvugu na chumvi, sisi wajukuu tumejipanga barazani kwa umri. Anaosha, halafu anakausha katikati ya vidole kwa kipande cha leso kuukuu, kidole kwa kidole, hapiti kimoja. Katikati ya vidole alikuwa akirudia mara mbili. Majirani walidhani ni mapenzi ya mzee kwa wajukuu, na yalikuwa mapenzi. Lakini pia lilikuwa gwaride la ukaguzi. Na wewe ulivyokuwa ukigombana naye kila Januari juu ya viatu vya shule! Kila mzazi Mombasa alinunua namba mbili mbele ili vimfikishe mtoto mwaka wa pili, na sisi tulikuwa na viatu vya sawasawa ambavyo Agosti vimeshabana. "Baba, pesa haziokotwi." Naye: "Nikate mshahara wangu." Na kweli alikatwa, mwezi baada ya mwezi. Daftari la Muhindi lilijaa jina lake.

Liko na jingine. Kila Idi ndogo mimi ndiye niliyetumwa na kifurushi kwa bibi mmoja kizee, nyumba ya nyuma ya msikiti. Ndani mna makubadhi mapya, ambayo hakuyatoa dukani kwake, aliyaagiza kwa fundi Mji wa Kale, ngozi laini. Yule bibi aliyapokea, akayanusa, akasema kila mwaka neno lile lile: "Mwambie yamefika. Mwambie mguu haujakua." Nilidhani ni jamaa yetu. Mdogo wangu, hakuwa jamaa yetu.

Alikuwa na mwana mmoja, rafiki wa Babu, walicheza mpira pamoja. Huyo aliandikwa kikosi cha mizinga. Babu alikwisha kuwa Ceylon akimngoja. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli uliondoka huko kwetu, bandari ya Kilindini, na rafiki yake alikuwa ndani ya Khedive Ismail. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani ikaipiga. Ilizama kwa dakika mbili hivi. Walikuwamo watu zaidi ya 1,500, waliopona ni 200 na kidogo. Wengi wa waliokufa walikuwa vijana wa Afrika Mashariki wa kikosi kile cha mizinga. Nimelisoma mwenyewe hapa maktaba, nikalisoma tena, maana nilipolisikia kwa Babu lilikuwa maneno manne tu: "Meli yao haikufika, basi."

Ndiyo maana Jumapili akitupeleka Lighthouse. Sisi tulikwenda kwa ajili ya mihogo ya kukaanga, pilipili na ndimu, na madafu. Yeye alisimama pale ukingoni kwenye mibuyu, meli inatoka mlangoni mwa Kilindini, na mdomo wake unacheza. Nilimuuliza unahesabu? Akasema, "Nasoma Fatiha." Kwa meli ya makontena! Nilimcheka. Mungu anisamehe.

Ya vita vyenyewe sina mengi ya kuongeza. Ninalojua ni kwamba Desemba walifika Kalewa, na juu ya mto Chindwin likajengwa daraja la kuelea, futi 1,154, naye alilivuka kwa miguu yake miwili. Lilipofunguliwa daraja jipya la Nyali mwaka 1980 na mji mzima ukaenda kushangaa, mwasema yeye alilitazama akasema alipenda lile la zamani, lililokuwa likielea. Alirudi 1946. Kiinua mgongo alichopewa kilinunua bati za nyumba na cherehani la Bibi, hilo hilo bovu lililo kwenye picha. Siku hizi iko wazi vitabuni kwamba malipo yale yalipangwa kwa rangi, Mzungu akahesabiwa zaidi ya Mwafrika wa cheo kimoja naye. Babu alijua. Alipoulizwa alisema, "Risasi haikuuliza cheo wala rangi, karani aliuliza."

Alipofariki 2009 nilikuwa nina miezi mitano tu hapa, karatasi zangu hazijatimia, ningetoka nisingerudi. Mlinishikia simu nikasikia watu wakisoma, na kuku wa jirani. Zaidi ya hapo sitaandika.

Ila niwaambie kilichotokea leo. Huku leo ni siku yao ya kuwakumbuka wanajeshi, kila mtu na ua jekundu la karatasi kifuani. Kazini tuna mzee mmoja, namuosha miguu kila Jumapili, ana sukari kwa hiyo vidole vyake naviangalia sana. Akaniambia baba yake alipigana Burma, katika Jeshi la 14, lile walilolipa jina la jeshi lililosahauliwa. Nikamwambia babu yangu pia alikuwa huko. Akanitazama kwa hamu kabisa, bila ubaya wowote, akaniuliza: "Upande gani?"

Sikukasirika, Mama. Nilikuwa nimeshika kisigino chake. Nikamkausha katikati ya vidole, nikarudia mara ya pili, huku nikimhadithia Kabaw, magogo, kifaru begani. Alisikiliza mpaka chai yake ikapoa. Mwishowe akaniuliza baada ya vita alifanya kazi gani. Nikamwambia selsmeni. Nimelitamka kama yeye alivyolitamka, kwa sauti, na yule mzee akacheka bila kujua anacheka nini.

Basi, mdogo wangu. Chumba kijengwe, sina neno, na pesa za saruji nitatuma mwisho wa mwezi. Mitungi gawa. Cherehani muulize Mama. Kibao ni changu mimi, ukinikosea hapo tutagombana, lakini kabla ya kukifunga nakutaka ukifanyie kazi moja. Mwanao anaanza shule Januari na nimeona viatu vizuri hapa, vya ngozi. Mpime. Mvue soksi, msimamishe wima, asikae, kisigino kigote nyuma. Pima miguu yote miwili, maana haifanani hata siku moja, na unitumie namba ya ule mkubwa. Na usimpime asubuhi. Ngoja alasiri, akishacheza, mguu umeshafutuka. Babu alisema mguu wa asubuhi ni muongo.

Mwanao, na dada yako,
wa Leeds